Muamala wa sifuri: kisa cha duka moja la Malindi

Mzozo wote ulikuwa juu ya mstari mmoja. Katika historia ya pochi ya USDT, sarafu ya kidijitali, ya duka moja la vifaa vya simu na taa za sola hapa Malindi, si mbali na Barabara ya Lamu, palionekana muamala wa kutoka: USDT 0, kwenda kwa anwani ambayo siku tano baadaye ilimeza USDT 2,400 za mwenye duka. Mwenye duka, nitakayemwita Ami kwa kuwa ndivyo kijana wake wa dukani anavyomwita, alikuwa na tafsiri moja tu ya mstari ule. Kijana, mtoto wa marehemu nduguye, ndiye anayeshika simu ya duka na anaijua namba ya siri. Basi kijana alijaribu njia kwa sifuri, akaona inapita, akaiacha anwani ya mwenzake pale ili mzee aje aichukue kwa mkono wake mwenyewe. Shilingi laki tatu na elfu kumi hivi, kwa kiwango cha siku zile, zikawa zimekwenda.

Kijana alikana. Ami akamwambia arudishe funguo za duka, na akamtuma mtu kwa mama yake. Mimi niliitwa kwa sababu nafunga hesabu za maduka kadhaa ya mtaa ule, na inajulikana kuwa nasoma miamala ya blokcheni. Majina nimeyaacha, tarakimu za pesa nimezigeuza kidogo, na anwani nimezikata ili zibaki mikia tu.

Kwanza mazingira. Mzigo wa duka hutoka Guangzhou. Kutuma dola kwa benki kulikuwa kunachukua siku na kula ada, na muuzaji wa kule mwenyewe ndiye aliyependekeza USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola na kutolewa na kampuni ya Tether. Ami hununua USDT kwa watu binafsi, analipa kwa M-Pesa, zinaingia katika pochi ya simu, kisha anazituma China kwenye mtandao wa Tron. Bloku mpya ya Tron hutoka kila baada ya sekunde tatu, kwa hiyo muuzaji huona pesa kabla Ami hajaiweka simu chini. Ni njia inayofanya kazi. Ila haina mtu wa kumpigia ukikosea.

Blokcheni ya aina hii ni daftari la duka lililobandikwa mlangoni: kila apitaye anasoma kila mstari, isipokuwa mahali pa majina pana anwani. Za Tron zina herufi 34 na zote zinaanza na T. Kila muamala una namba yake ya tarakimu na herufi 64, na ukiibandika namba hiyo kwenye Tronscan, tovuti ya kuchungulia mtandao huo, unaona nani alituma nini, lini, na kwa ada gani. Hakuna kujiandikisha wala kulipa. Hilo ndilo lililonifanya nimwambie kijana aketi na afanye kazi yeye mwenyewe. Kama hana hatia, ushahidi uko wazi kwa wote, na heri autoe mwenye kutuhumiwa kuliko mimi kuonekana nimekuja kumtetea.

Tulianza na karatasi. Safu ya kwanza ilikuwa meseji za M-Pesa, ya pili historia ya pochi, ya tatu Tronscan. Saa zilimsumbua mwanzoni, maana Tronscan tuliyoifungua ilikuwa imewekwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Muamala ulioandikwa 08:06 kule ni saa tano na dakika sita asubuhi hapa. Asiyelinganisha saa kwanza atajenga hadithi ya uongo bila kukusudia, na katika kesi ya kifamilia hadithi ya uongo ina gharama.

Baada ya kupanga, hali ilikuwa hivi. Saa tano na dakika sita asubuhi, Ami na kijana wakiwa dukani, zilitumwa USDT 500 za arubuni kwa muuzaji. Anwani ya muuzaji inaishia na h7Wq2. Saa tano na dakika tisa, ukaja ule mstari wa sifuri, kwenda anwani nyingine inayoishia na h7Wq2 vilevile. Siku tano baadaye kijana yuko Mambrui kwenye harusi. Ami akawa na haraka ya kumaliza deni ili mzigo upakiwe. Meseji ya WhatsApp yenye anwani ya muuzaji hakuiona, akafungua historia ya pochi, akabonyeza mstari wa juu kabisa ulioishia na h7Wq2, akanakili, akatuma 2,400. Pochi ilimwonyesha herufi chache za mwanzo na chache za mwisho, katikati nukta. Alitazama mkia, ukafanana, akaridhika.

Hadi hapo Ami alikuwa anatikisa kichwa kwamba karatasi inamthibitishia yeye. Sifuri imetoka kwenye pochi yetu, asubuhi ambayo kijana ana simu mkononi. Nini tena?

Nilimwambia kijana afungue miamala miwili ya asubuhi ile kando kwa kando na asitazame kiasi. Atazame aliyeanzisha muamala, yaani anwani iliyotia saini na kubeba ada. Kwenye ule wa 500, aliyeanzisha ni pochi ya Ami, na mkataba ulioitwa, yaani programu ya kwenye blokcheni inayoendesha sarafu, ni ule wa USDT wenyewe, ambao anwani yake inaanza na TR7NHq. Chini yake kuna uhamisho mmoja tu. Kwenye ule wa sifuri, aliyeanzisha ni anwani ambayo hakuna mtu dukani aliyewahi kuiona. Mkataba ulioitwa si wa USDT moja kwa moja, ni programu nyingine iliyowekwa na mtu huyo huyo. Na chini yake ukishuka kwa kidole, uhamisho zaidi ya arobaini, wote sifuri, kutoka pochi arobaini na kitu za watu wasiojuana, kila mmoja kwenda anwani iliyofanana mkia na mtu ambaye mwenye pochi alikuwa ametoka kumlipa.

Kijana alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: "Sasa wataandikaje kwamba sisi tumetuma, na sisi hatukutuma?"

Jibu liko katika namna mikataba ya tokeni, yaani sarafu kama USDT, ilivyoandikwa. Kuna amri ya kutuma pesa zako mwenyewe, na kuna amri ya kutuma pesa za mtu mwingine kwa idhini aliyokupa. Hii ya pili ipo kwa sababu nzuri, masoko ya kubadilishia sarafu na programu nyingi zinaihitaji. Mkataba huangalia: je, kiasi kinachotakiwa kutumwa kimezidi idhini? Mtu asiyekupa idhini yoyote, idhini yake ni sifuri. Ukiomba kutuma sifuri, sifuri haijazidi sifuri, mkataba unakubali, na unaandika tukio hadharani: kutoka kwa fulani, kwenda kwa fulani, kiasi 0. Pochi ya simu haisomi saini. Inasoma tukio, inaona jina lako upande wa kutoka, inaweka mstari kwenye historia yako. Hakuna ufunguo uliovujishwa wala namba ya siri iliyoguswa.

Mbinu hii ilianza kuenea mwishoni mwa 2022. Etherscan, tovuti ya kuchungulia ya mtandao wa Ethereum, ilianza kuificha miamala ya namna hii Aprili 2023, na pochi nyingi nazo zikafuata. Simu ya Ami haikuwa imesasishwa programu kwa muda mrefu, jambo ambalo kijana alikuwa amelisema zaidi ya mara moja na kuambiwa anamaliza bando.

Ushahidi wa saini ulitosha kwangu. Kwa baraza la familia nilitaka mwingine usiotegemea wa kwanza, na huo tuliupata kwenye TRX. TRX ni sarafu ya mtandao wa Tron, na ndiyo inayolipia ada. Kuita mkataba wa USDT kunahitaji nishati, kama unavyoitwa uwezo wa kuendesha mikataba humo, na asiyekuwa na nishati TRX zake huchomwa. Pochi ya Ami haikuwa na nishati ya kukodi wala iliyopatikana kwa kuweka TRX dhamana. Kila ilipotuma, TRX zilipungua. Tuliorodhesha salio la TRX: limeshuka saa tano na dakika sita, halafu halikusogea hata punje hadi siku ya tano. Dakika ya tisa hakuna kilicholipwa. Kama pochi ile ndiyo iliyotuma sifuri, nani aliyelipia?

Katika orodha hiyo hiyo kijana aliona jambo nililokuwa sijamwelekeza. Ada ya siku ya tano ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya arubuni. Kutuma ni kule kule, sarafu ile ile, kwa nini? Kwa sababu kwenye Tron, kumtumia USDT mtu ambaye anwani yake haina USDT hata senti hula nishati takriban mara mbili ya kumtumia ambaye tayari anazo. Mkataba unalazimika kumfungulia nafasi mpya kwenye kumbukumbu. Muuzaji wa Guangzhou hupokea USDT kila siku, anwani yake haikosi salio. Ile ya pili ilikuwa tupu. Kwa hiyo kabla Ami hajathibitisha, pochi ilikuwa imemwonyesha kwenye skrini, kwa tarakimu, kwamba huyu anayemlipa si mteja mwenye mzunguko. Nani husoma mstari wa ada? Mimi tangu siku ile nausoma.

Nitagusa kidogo suala la mikia kufanana, maana mama wa kijana aliuliza kama si bahati mbaya tu. Anwani za Tron hutumia herufi na tarakimu 58; sifuri, O kubwa, I kubwa na l ndogo zimeondolewa ili jicho lisichanganyikiwe. Mikia ya herufi tano inaweza kupangwa kwa namna zaidi ya milioni 656. Kwa bahati haiwezekani, ndani ya dakika tatu. Kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inawezekana sana, maana kazi yake ni kutengeneza anwani mpya mfululizo na kuzitupa hadi ipatikane yenye mkia unaotakiwa.

Baraza lilikaa sebuleni kwa Bi Mkubwa, mama yake Ami, kwa sababu yeye ndiye ambaye neno lake halirudiwi. Hatukuleta kompyuta. Kijana alichapisha kurasa nne, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu anwani iliyotia saini kwenye kila mmoja wa miamala miwili, na orodha ya TRX akaiweka peke yake. Bi Mkubwa hakutaka kusikia habari za mkataba na nishati. Aliitaka karatasi ya TRX, akasomewa tarehe na salio, akauliza: "Sasa hii ya katikati haikukatwa kitu?" Akaambiwa haikukatwa. "Basi hakutuma huyu." Ami alijaribu kusema bado haijulikani kama kijana hana mwenzake huko nje. Akaonyeshwa ule ukurasa wenye watu arobaini. Alihesabu hadi kama kumi na tano akauacha. Funguo za duka zilirudi kwa kijana kesho yake, ingawa maneno ya kuombana radhi, nijuavyo, yalichukua muda zaidi.

Sehemu ya pili ya kazi, kuzifuata zile 2,400, ndiyo watu wengi huiona ni uchawi, na ndiyo yenye majibu machache kuliko wanavyotaraji.

Anwani ya mwizi ilikuwa na USDT lakini haina TRX, na bila TRX haiwezi kuzitoa. Lazima mtu ailishe. Nikamwambia kijana asifuate pesa iliyotoka kwanza. Arudi nyuma atafute nani aliyeleta TRX. Ilikuja dakika chache baada ya malipo ya Ami, kutoka anwani moja ambayo ukiifungua imelisha makumi ya anwani nyingine, zote za mtindo uleule: zimepokea USDT mara moja, zimelishwa TRX, zimeondoa zote, zimekufa. Mlishaji huyo ndiye anayeziunganisha anwani zisizofanana kuwa kundi la mtu mmoja au genge moja. Kwa mtu anayejifunza, hii ni njia nzuri kuliko kukimbizana na kila mshale kwenye mchoro.

Kutoka hapo zile 2,400 zilikwenda kwenye anwani ya kukusanyia, pamoja na pesa za wengine. Hapa mhasibu yeyote anatambua shida yake. Zikishachanganyika, ukisema "hizi ndizo za Ami" unasema kwa kanuni uliyoichagua, kwa mfano ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, na lazima uiandike kanuni hiyo kwenye ripoti. Tulitumia hiyo. Kwa hesabu hiyo, sehemu ya pesa ilibaki kwenye anwani ya kukusanyia, na nyingine ikaenda kwa anwani ambayo tabia yake ilikuwa wazi: inapokea, inaletewa TRX kidogo, na muda mfupi baadaye inafagiliwa yote kwenda pochi kubwa ambayo Tronscan imeiwekea jina la soko la kubadilishia sarafu. Hiyo ni anwani ya kuwekea ya mteja wa soko.

Kijana alifurahi akaendelea. Aliona kutoka pochi kubwa ya soko, chini ya dakika moja baadaye, kumetoka kiasi kinachokaribiana kwenda mahali pengine, akapiga kelele kwamba amempata. Hakumpata. Pochi ya soko ni ya wateja wote, inapokea na kutoa kwa maelfu ya watu, na nani kachukua nini limeandikwa ndani ya vitabu vya soko visivyo hadharani. Aliyetoa pale alikuwa mtu mwingine kabisa, aliyekuwa akitoa pesa zake halali. Ufuatiliaji wa wazi unakoma kwenye mlango wa soko. Kuanzia hapo kinachohitajika ni barua ya vyombo vya sheria, kwa sababu soko ndilo lenye nakala ya kitambulisho.

Ami aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kurudishiwa. Nilimpa mifano miwili, na sina hakika nilifanya vyema kutanguliza ule wa kwanza. Mei 2024 mtu mmoja alipoteza kwa mbinu hii hii ya anwani pacha WBTC 1,155 (sarafu ya mtandao wa Ethereum inayofuata thamani ya Bitcoin), kama dola milioni 68 wakati ule, wakaandikiana na mwizi kupitia miamala yenyewe, na karibu zote zikarudi. Ami akataka naye aandike. Tron inaruhusu kuambatisha maneno kwenye muamala, kwa hiyo mlango upo. Akatunga ujumbe mrefu, una salamu, una mauti, una Siku ya Kiyama, kijana akautafsiri kwa Kiingereza kwa sentensi tatu, ukatumwa pamoja na TRX 1. Haukujibiwa. Tofauti ni kwamba aliyepoteza milioni 68 alikuwa na dunia nzima inamtazama mwizi wake. Mfano wa pili ni wa wizi wa soko la Bitfinex: Bitcoin (BTC) 119,754 ziliibwa Agosti 2016, na Februari 2022 Marekani ikatangaza kuwakamata watu wawili na kushika zaidi ya BTC 94,000. Mistari ya 2016 ilikuwa bado ipo pale pale. Hiyo ndiyo faida ya daftari lisilofutika, ila Ami hakuipenda miaka mitano na nusu iliyo katikati.

Katikati ya hayo yote, mtu alimwandikia Ami kwenye WhatsApp akidai ni mtaalamu wa kurejesha sarafu zilizoibwa, alete USDT 200 za kuanzia. Alikuwa amesoma malalamiko ya Ami katika kundi la wafanyabiashara. Muamala uliokwisha kuthibitishwa kwenye Tron haurudishwi na fundi yeyote, na anayetaka malipo ya mbele kwa ahadi hiyo ni mwizi wa pili. Nilimwomba Ami amfungie, akamfungia baada ya kumwambia maneno yake.

Kinachoweza kufanyika ni hiki. Tether, kwa kuwa ndiyo inayomiliki mkataba wa USDT, inaweza kuifungia anwani isiweze kutuma, na imekwisha kuzifungia anwani nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Lakini inafaa pesa zikiwa zimekaa. Ndiyo maana ripoti yetu iliiweka mbele anwani ya kukusanyia, pale sehemu ya pesa ilipobaki, na anwani ya mteja wa soko ikafuata. Ami alikwenda kituo cha polisi na karatasi sita: muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ratiba ya miamala kwa saa zetu na UTC, namba kamili za miamala, anwani zote bila kukatwa, maelezo ya kanuni ya hesabu tuliyotumia, na meseji za M-Pesa zinazoonyesha USDT zile zilinunuliwa kwa pesa za duka. Hii ya mwisho watu huisahau. Bila hiyo, unaonyesha kwamba anwani fulani iliibiwa, huonyeshi kwamba ni yako. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta na mtandao ni ya 2018, na ya watoa huduma za mali za kidijitali ni ya 2025, kwa hiyo ofisa aliyepokea alikuwa na mahali pa kuliweka jambo. Barua kwenda kwa soko ni ya kwake kuandika, si yetu.

Kijana ameweka tahadhari kwenye anwani ya kukusanyia, kila inaposogea simu yake inalia. Mara ya mwisho niliyopita dukani sehemu ile ilikuwa haijatoka, na ofisa alikuwa ameomba nakala nyingine ya ratiba. Anwani ya muuzaji sasa imehifadhiwa kwenye orodha ya pochi kwa jina, programu imesasishwa, na Ami hatumi kitu kabla kijana hajamsomea herufi za katikati na ada.